Yai, Magadi na Jino

Wageni wa Loburu huenda na mayai. Ndiyo desturi ya ufuo huu wa magharibi wa Ziwa Bogoria, Kaunti ya Baringo: mayai mabichi yanatiwa katika mfuko wa wavu, mfuko unafungwa kwenye ncha ya fimbo, na fimbo inashushwa kwenye shimo la maji yanayotokota. Kisha mtu anatafuta upande ambao upepo haumletei mvuke usoni, anasubiri. Dakika kumi hivi baadaye anamenya yai lililoiva sawasawa, na hakuna aliyechochea kuni.

Maji yenyewe hayafiki nyuzi 100. Ziwa liko karibu mita 990 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakikaribia nyuzi 97. Hiyo inatosha kuivisha yai, na inatosha kumbabua mtu vibaya asipoangalia anapokanyaga, kwa maana ukoko wa ardhi kando ya mashimo haya mahali pengine ni mwembamba kama wa wali. Zimehesabiwa chemchemi zipatazo 200 kandokando ya Bogoria, baadhi zikiruka juu kwa vipindi. Nyingi sasa hazionekani: tangu miaka ya 2010 ziwa limepanda na kuzimeza, zikabaki kutoa mapovu chini ya maji.

Ukisimama pale na fimbo yako, maswali hayaepukiki. Moto huu ni wa nani? Maji ni ya nani? Na ile ladha ya chumvichumvi, yenye utelezi kama wa sabuni mtu akiyasugua kati ya vidole baada ya kupoa, imetoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba vyote vimetoka kwenye volkano. Si kweli. Chungu hiki kimekaa juu ya mafiga matatu, na kila figa lina asili yake.

Yai

Tuanze na maji. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama maji ya chemchemi za volkano ni jasho la magma, yaani mwamba ulioyeyuka, au ni ya mvua tu iliyopita njia ya mbali. Ubishi ulimalizwa na mizani. Katika kila ndoo ya maji kuna molekuli chache zilizobeba hidrojeni nzito au oksijeni nzito, na kiasi chake hubadilika kulingana na baridi, mwinuko na umbali ambao wingu limesafiri kutoka baharini. Mwaka 1961 Mmarekani Harmon Craig alionyesha kwamba vipimo hivyo viwili vikipangwa kwenye grafu, mvua na mito ya dunia karibu yote hujipanga kwenye mstari mmoja.

Maji ya chemchemi za moto yakawekwa kwenye grafu hiyohiyo. Hidrojeni yake ilikuwa ileile ya mvua ya eneo husika. Oksijeni ndiyo iliyokuwa imeongezeka uzito. Sababu ni nyepesi ukishaambiwa: mwamba umejaa oksijeni lakini hidrojeni yake ni haba mno. Maji yakikaa na mwamba katika joto kali kwa miaka mingi, hubadilishana oksijeni, na hidrojeni hubaki kama ilivyoshuka kutoka mawinguni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji haya ni mvua. Hunyesha kwenye kingo za Bonde la Ufa, huzama kupitia nyufa, hukutana na joto, kisha hurudi juu.

Joto ndilo la magma. Chini ya Bonde la Ufa ganda la dunia linavutwa na kukonda, na magma hujipenyeza kwenye nafasi inayopatikana. Kule Menengai, karibu na mji wa Nakuru, wachimbaji wa visima vya jotoardhi waliwahi kufika kina cha kilomita mbili na kidogo, na vipande vilivyopanda na maji ya kuchimbia vilikuwa kioo kibichi: magma iliyogandishwa ghafla na ubaridi wa maji hayo. Ni mahali pachache sana duniani ambapo binadamu amegusa magma ikiwa bado nyumbani kwake.

Maji hayahitaji kuigusa. Hupashwa na mwamba ulio juu ya magma hiyo, na huko chini huvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Aliyelipima jambo hili kwa mkono wake ni mwanakemia Mjerumani Robert Bunsen, ambaye jina lake limebaki kwenye taa ya gesi ya maabara za shule. Mwaka 1846 alikuwa Iceland, kwenye chemchemi maarufu iitwayo Geysir, akishusha vipimajoto ndani ya bomba lake la asili muda mfupi kabla halijaruka. Alikuta chini maji ya moto kupita nyuzi 100, yametulia. Uzito wa maji ya juu ndio ulioyabana, kama mfuniko wa sufuria ya presha. Kina cha mita 10 tu kinatosha kusogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 120 hivi. Maji hayo yakisukumwa juu kidogo, mzigo unapungua, yanageuka mvuke kwa mkupuo, na yale ya juu yanatupwa angani.

Je, huko yanakotoka kuna joto kiasi gani? Hapa wanakemia wana hila nzuri. Badala ya kutuma kipimajoto chini, wanayahoji maji yaliyokwisha fika. Maji ya moto huyeyusha silika, madini yaleyale ya mchanga mweupe na kioo, na kadiri joto linavyozidi ndivyo yanavyobeba zaidi. Yakipanda upesi, silika haiwahi kuganda. Inafika juu ikiwa bado na hesabu ya kule chini. Robert Fournier, wa shirika la jiolojia la Marekani, aliiweka hesabu hiyo kwenye fomula fupi mwaka 1977. Lita ya maji yenye miligramu 100 za silika inasimulia chimbuko la nyuzi 137 hivi. Yenye miligramu 300 inasimulia karibu nyuzi 209. Mhandisi wa jotoardhi anaweza kujua hayo kwa chupa moja ya maji kabla hajakodi mtambo wa kuchimba.

Ila shahidi huyu ana udhaifu wake, na udhaifu huo unajitokeza hasa Bogoria. Maji yakiwa na ukali wa magadi, pH ikapita 9, silika hugawanyika kuwa ayoni na maji huweza kubeba zaidi ya inavyostahili kwa joto lake. Asiyelisahihisha hilo atadhani chini kuna moto kuliko uliopo. Maji baridi yakichanganyika njiani, kosa huwa la upande wa pili. Ndiyo maana wapimaji huita shahidi mwingine, uwiano wa sodiamu na potasiamu, ambao hupangwa na madini ya mwamba kwa kufuata joto. Chai ukiiongeza maji, utamu na rangi hupungua, lakini uwiano wa sukari na majani uliyotia unabaki uleule. Na uwiano huu ni hivyohivyo.

Magadi

Sasa lile figa la tatu, chumvi. Jina lake kila mpishi wa pwani na bara analijua: magadi. Kipande kidogo kikitiwa katika sufuria ya maharage makavu, maharage hulainika mapema, kwa sababu ukali wake hulegeza kile kinachoshikanisha kuta za punje. Magadi ya sokoni ni chumvi za kaboneti ya sodiamu, na kusini mwa Kenya kuna ziwa zima lenye jina hilo, ambako zimechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100. Ziwa hilo nalo hulishwa na chemchemi za moto.

Namna magadi yanavyopikwa chini ya ardhi ni hii. Magma hutoa gesi, ikiwemo hewa ya ukaa kwa wingi, ileile inayotoa povu kwenye soda ya chupa. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililopima gesi inayovuja kwenye nyufa za bonde la Magadi na Natron, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lilikadiria tani milioni 4 kwa mwaka kutoka eneo hilo peke yake. Gesi hiyo ikiyeyuka katika maji hutengeneza asidi hafifu. Asidi hafifu ikipewa joto na muda, hula mwamba. Na miamba ya volkano ya huku, kama vile trakiti, ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Asidi inapoula, sodiamu inaingia kwenye maji pamoja na bikaboneti.

Maji yanapopanda, kinatokea kile kinachotokea chupa ya soda ikifunguliwa. Gesi inatoka. Asidi ikishaondoka, maji yanakuwa makali kama sabuni, na kalsiamu yote iliyokuwemo inashikana na kaboneti na kuganda kuwa chokaa. Magamba hayo ya mawe utayaona kando ya baadhi ya chemchemi za Bogoria, na kule Songwe, karibu na Mbeya, yamerundikana kuwa vilima vya kuchongwa. Kinachobaki kwenye maji ni sodiamu na kaboneti. Jua la Bonde la Ufa linakausha, ziwa halina mto wa kutokea, na mwaka baada ya mwaka chumvi inazidi. Maji ya Bogoria yamefika pH ya zaidi ya 10.

Viumbe wanaoishi katika maji ya namna hii wamelazimika kujitengeneza upya. Pembezoni mwa Ziwa Magadi, kwenye mabwawa ya chemchemi yenye joto linalozidi nyuzi 40, anaogelea samaki mdogo wa jamii ya perege, Alcolapia grahami. Samaki wengi hutupa uchafu wao wa naitrojeni kama amonia, ikapotelea majini kupitia matamvua. Katika maji yenye pH ya 10 amonia haitoki. Ingemrudi mwenyewe na kumuua. Mwaka 1989 watafiti walitangaza kwamba samaki huyu ameiacha kabisa njia hiyo: naitrojeni yake anaitoa kama yurea, kama tufanyavyo sisi kwenye mkojo. Chini ya volkano gesi imekula mwamba, na juu yake samaki akabadilisha namna ya kukojoa.

Jino

Turudi kwenye kalsiamu, maana kisa chake hakikuishia kwenye magamba ya chokaa.

Miamba na gesi za volkano za Bonde la Ufa zina floraidi kwa wingi. Kwa kawaida kalsiamu ndiyo mlinzi wake. Kalsiamu na floraidi vikikutana katika maji hushikana na kuganda kuwa jiwe, na floraidi haivuki kiwango fulani. Lakini tumeona kalsiamu ilikoenda: mwamba ulitoa kidogo, na hicho kidogo kikachukuliwa na kaboneti. Mlinzi ameondoka. Floraidi inatembea itakavyo, inapita kwenye chemchemi, kwenye visima, hata kwenye maji baridi na matamu yaliyopita katika miamba hiyohiyo bila kuonja moto. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Katika chemchemi za Bogoria, na katika vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru, kiwango hicho hupitwa mara kadhaa.

Matokeo yake yanaonekana mtu akicheka. Arusha na maeneo jirani, meno ya rangi ya kahawia ni alama ya mahali ulipolelewa: ukiyaona, unajua mtu alikunywa maji gani alipokuwa mtoto, meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi. Wengine wamechekwa kwa hayo, wakajifunza kufunika mdomo kwa kiganja, ilhali hata wangepiga mswaki mara tatu kwa siku doa lisingetoka. Limo ndani ya jino. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika na viungo hukakamaa.

Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki, na kila tone linakuwa baya zaidi. Dawa mojawapo iliyofanyiwa kazi kwa miaka kwenye kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, inatoka buchani. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa hewa kidogo hadi iwe makaa, husagwa chembechembe, hupakiwa kwenye ndoo yenye bomba, na maji hupitishwa humo taratibu. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosifeti, yaleyale ya jino. Floraidi inapopita inaukamata mfupa kama ambavyo ingelikamata jino, na inabaki humo. Mfupa ukishashiba, hutolewa na kuwekwa mwingine.

Kwa hiyo kalsiamu iliyokosekana chini ya ardhi inarudishwa kwa ndoo, kutoka kwa ng'ombe aliyekwisha liwa. Mtoto anakinga kikombe chini ya bomba, anakunywa, na mfupa uliomo ndani ya ndoo unaingia doa badala ya jino lake.