Maji ya Meru na Meno ya Watoto

Ndugu wanachama,

Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, amerudi kutoka Arusha alikokwenda kumtazama binti yake, aliyeolewa upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Alitujia ofisini na swali. Watoto wengi wa huko, alisema, wana meno ya rangi ya kahawia, na wengine yana vishimo, hali wapiga mswaki kila asubuhi. Wakienda skuli za mbali huchekwa kuwa ni wachafu. Naye ana mjukuu wa miaka 3 pale pale. Je, na huyu meno yake yatakuwa hivyo?

Wengi wetu tuna jamaa Bara, kwa hiyo tumeona jibu lake tulitoe hapa.

Kwanza tuseme wazi: si uchafu. Meru, wenye kimo cha mita 4,566, ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Mawe na majivu yake yana floraidi, na maji yapitayo humo huiyeyusha na kuichukua. Floraidi kidogo huimarisha meno, ikizidi huyadhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Maji ya baadhi ya chemchemi na mito ya Meru, kama ule wa Engare Nanyuki, hupita miligramu 10.

Floraidi hii hailipaki jino rangi kwa nje. Huingia mwilini, na yafaa tujue njia yake.

Mwili umejengwa kwa chembe hai, ziitwazo seli. Kila moja imezungukwa na utando wa mafuta, mwembamba hata tando elfu kumi hivi zikipangwa pamoja ndipo hufikia unene wa unywele mmoja. Utando huu ni bawabu: huruhusu kitu hiki, hukataa kile. Sisi wenye karafuu kazi yake twaijua. Mtu akiumwa na jino hutafuna karafuu, na baada ya kitambo maumivu hupoa. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenoli, nayo hupenya utando huo kwa urahisi kwa kuwa mafuta hayakatai mafuta, ikafika kwenye mishipa ya fahamu na kuituliza. Chumvi haiwezi hivyo. Ikiyeyuka majini, chembe zake huwa na umeme, na mafuta huzikataa. Hupita kwenye milango yake maalumu tu. Hata maji yana milango yake, iliyogunduliwa na Peter Agre wa Marekani, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003.

Floraidi ndani ya maji ni kama chumvi: ina umeme. Lakini ikifika tumboni hukuta asidi, ikashikana na haidrojeni, na umeme wake ukafutika. Sasa ni ndogo na haina umeme, basi hupenya ukuta wa tumbo. Ndani ya chembe asidi ni haba. Huachana na haidrojeni, umeme ukairudia, na kurudi tumboni kukawa kuzito. Kutoka hapo huchukuliwa na damu hadi kwenye mifupa na meno yanayoumbwa.

Hapo ndipo penye hatari kwa mjukuu wetu. Meno ya ukubwani huumbwa ndani ya ufizi kabla hayajatoka, tangu utotoni hata kiasi cha miaka 8. Jino likiharibika humo, mswaki wala mkaa havitalisafisha. Na mtu akiyanywa maji makali miaka mingi, hata mifupa hudhurika.

Basi afanyeje binti yake? Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki huwa makali zaidi. Mtoto apewe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuhifadhiwa safi. Au atumie chujio la mkaa wa mifupa, kama lile lililoshughulikiwa na kituo cha utafiti cha Ngurdoto: mfupa uliochomwa huishika floraidi kama unavyoishika mfupa ulio hai. Lakini chujio likishiba halichuji tena, lazima mkaa ubadilishwe. Huko huko Arusha, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio jingine, akapewa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Tena apunguze magadi ya kulainishia maharage, maana mengine yana floraidi nyingi. Maziwa yanafaa, kwa kuwa kalisi yake huishika floraidi isipenye yote.

Si kila kisima cha Meru ni kibaya. Hupishana hata kwa majirani. Maji yapimwe kwanza.

Tumemwandikia mama huyo barua ampelekee bintiye. Nanyi wenye jamaa huko, wapelekeeni habari hizi mapema, mtoto angali mdogo. Na mkimwona mtu mwenye meno ya kahawia, msimcheke. Amekunywa maji ya kwao tu.

Wenu katika chama,
Katibu