Ukiacha Sigara, Jaza Pengo Lake

Mtu anayevuta sigara 10 kwa siku, akitumia dakika 6 kwa kila moja, hutumia saa nzima kuvuta. Akiacha, saa hiyo humrudia vipande vipande: baada ya chai ya asubuhi, akingoja mteja stejini, baada ya chakula cha mchana, na jioni maskani. Wengi hujiandaa kwa hasira na maumivu ya kichwa ya siku za kwanza. Wachache hujiandaa kwa mikono isiyo na kazi, na hapo ndipo wengine hurudi nyuma.

Kwa nini pengo hilo ni hatari

Ubongo wa mvutaji umezoea kuunganisha sigara na saa fulani na mahali fulani. Saa hiyo ikifika, hamu huja kwa nguvu, lakini kwa kawaida hutulia baada ya dakika chache hata mtu asipovuta. Wiki za kwanza ndizo ngumu zaidi.

Kwa mkaazi wa Laini Saba, jaribu liko mlangoni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, ila bado kuna vibanda vinavyofanya hivyo. Anayetamani "moja tu" hahitaji kwenda mbali.

Kazi ndogo kwa muda mdogo

Kinachosaidia ni shughuli inayotosha dakika hizo chache na kushika mikono: kuosha vyombo, kung'arisha pikipiki, kunywa maji polepole, au kutembea hadi kwa jirani asiyevuta. Wapenda drafti wacheze mahali pasipo moshi. Pombe na miraa si mbadala, kwani huamsha hamu ya sigara.

Kibera inajulikana kwa kilimo cha magunia. Gunia moja la udongo na mboji, lenye miche ya sukuma wiki juu na ubavuni, hukaa kando ya mlango na huhitaji kumwagiliwa na kupaliliwa kidogo kila siku. Wiki ngumu zikipita, mboga nazo zinakaribia kuchumwa.

Pesa nazo zihesabiwe. Aliyekuwa akitumia shilingi 50 kwa siku, akiziweka kando atakuwa na shilingi 1,500 baada ya siku 30.

Msaada upo

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, mapigo ya moyo huanza kushuka dakika 20 tu baada ya kuacha, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo huwa takriban nusu ya ile ya mvutaji.

Aliyeteleza akavuta hajashindwa. Aangalie ilikuwa saa ngapi na wapi, kisha aipangie saa hiyo kazi. Wakaazi wanaweza kuzungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lao, kufika kituo cha afya kilicho karibu, au kupiga 1192, nambari ya NACADA isiyotozwa malipo.