Feza ya Kuponyesha Mbwa

Ndugu zangu wa mugini, mbwa analinda nyumba na mbuzi zetu. Kama mbwa jike anasukuma kwa nguvu nusu saa na mutoto hatoki, shauri hilo halingoji asubui. Lakini munganga wa nyama anaomba feza, na mushahara wa mugodi unakuja mwisho wa mwezi tu. Basi fanyeni hivi:

1. Uliza bei kwanza, kisha omba kulipa kidogo kidogo.

2. Uzisha kuku, mbele ya kukopa feza ya faida.

3. Fanyeni likelemba ya wafugaji: kila posho, kila nyumba inaweka kidogo. Mwenye nyama mugonjwa anapokea wa kwanza, halafu anarudisha.

Musimupe mbwa dawa ya watu, inaweza kumuua. Musaada unatengenezwa mbele ya ugonjwa.