Mgrivea wa Tarime kwa vitanda vya Robanda

Mtu wa Kanda ya Ziwa ukimtajia mwaloni, anawaza mwalo wa samaki. Seremala wa Ulaya au Marekani anawaza mti. Mwaloni mweupe ndio mbao ya mapipa ya wiski: vinyweleo vya kiini chake huziba vyenyewe, kimiminika hakipenyi. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani.

Sisi wa Mkoa wa Mara hatuna mti huo. Tuna mgrivea, ulioletwa kutoka mashariki mwa Australia uwe kivuli cha kahawa na chai, nao umeizoea milima ya Tarime yenye kahawa ya arabika. Wazungu waliuita mwaloni wa hariri, na jina hilo linaustahili. Pasua gogo kuelekea kiini, pitisha randa, utaona madoa yanayong'aa kama magamba ya sato. Ubao wa namna hiyo ni vanishi tu, rangi ingeuharibu.

Soko liko mbugani. Robanda, jirani wa Hifadhi ya Serengeti, ni miongoni mwa vijiji vitano vya Jumuiya ya Ikona inayohifadhi wanyamapori. Kambi za watalii zinahitaji vitanda, meza na milango, na migunga ya mbugani imepindapinda, tena si ya kukatwa ovyo.

Kinachotuangusha ni haraka. Gogo linaangushwa, linapasuliwa, na mbao inaingia karakana ingali mbichi. Meza inayofungwa Tarime kwenye mvua nyingi, ikifika Robanda kwenye upepo mkavu, inasinyaa: kiungo kinaachia, droo inalegea, ubao wa juu unapata ufa. Mteja anasema mgrivea ni mbao mbaya. Mbao haina kosa. Ipangwe kivulini, juu ya vipande vinavyopitisha hewa, mbali na mchwa, kwa miezi mingi. Mafundi wa mwaloni huhesabu karibu mwaka kwa kila inchi ya unene.

Mkulima mwenye mistari ya migrivea mpakani mwa shamba ana akiba, mradi apate vibali vinavyohitajika vya kuvuna na kusafirisha. Wenye kambi nao watoe malipo ya awali, kwa kuwa fundi hawezi kukausha mbao mwaka mzima kwa fedha ya mfukoni. Na wewe unayenunua kitanda leo, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi mbao hii ilipasuliwa lini.