LOSHENI SI GLAVU



Mawese ya Rumonge ni jasho la wakata ngazi na wakamuaji. Mafuta ya aina hiyo hiyo huturudia dukani ndani ya chupa ya losheni. Asidi ya palmitiki, ambayo ni karibu asilimia 44 ya mawese, huunganishwa kiwandani na alkoholi ya isopropili itokanayo na petroli. Hapo hupatikana kilainishi cha ngozi, nacho huandikwa kwenye chupa "isopropyl palmitate". Dawa nyingine, polisobeti, huyafanya manukato yachanganyike na maji.

Kilainishi hulainisha ngozi kavu na kuhifadhi unyevu wake. Hakizuii kostiki soda kuunguza. Basi wenzetu wanaopika sabuni ya mawese kando ya Ziwa Tanganyika wasidanganyike.

Kostiki ikikurukia, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 30, kisha nenda zahanati. Usipake losheni wala siki.

Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na maji ya karibu ni wajibu wa mwajiri. Chupa ya losheni haiwezi kushika nafasi yake. Tuvidai kwa umoja.