Kompyuta Moja Yatosha kwa Taa, Pampu na Kamera za Nyumbani, Ikipangwa Vyema

Mkazi anayeweka kamera za usalama nyumbani mara nyingi hununua mtambo wa kurekodi video, kisha baadaye akanunua kifaa kingine cha kuwasha taa au pampu ya maji kwa simu. Kazi hizo mbili zinaweza kufanywa na kompyuta moja ndogo iliyo ndani ya nyumba, na video za familia zikabaki nyumbani badala ya kuhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni za mbali.

Hata hivyo, kompyuta hiyo ikizimika, taa na kamera hupotea kwa pamoja. Ndiyo maana ni muhimu kupanga mambo manne mapema: uhifadhi wa video, stima, usalama wa mtandao na faragha ya majirani.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Programu mbili zinazotumika sana ni Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka wa 2013, na Frigate. Ya kwanza huendesha vifaa vya nyumba. Ya pili hupokea video kutoka kwa kamera, huirekodi na hutambua iwapo kilichopita ni mtu, gari au mnyama. Zote mbili zinapatikana bila malipo.

Faida kubwa ni kwamba programu hizo huwasiliana. Mtu akiingia uani saa nane usiku, kamera humtambua, taa za nje zikawaka na mwenye nyumba akapata ujumbe kwenye simu. Paka akipita, taa hubaki zimezimwa.

Kurekodi peke yake hakuichoshi kompyuta. Kinachoichosha ni kuchambua picha. Kamera nyingi hutoa video ya aina mbili, kubwa na ndogo. Fundi anafaa kutumia ile ndogo kwa uchambuzi, picha 5 kwa sekunde, na ile kubwa kwa kurekodi.

Video itenganishwe na mfumo

Kamera moja inayotoa megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza zaidi ya gigabaiti 86. Kwa hesabu hiyo, diski ya terabaiti 1 hujaa baada ya siku 11 hivi.

Video zikihifadhiwa kwenye diski ileile yenye mfumo, diski ikijaa huenda taa na pampu pia zikakwama. Inafaa mfumo uwe kwenye diski ndogo ya SSD, na video ziwe kwenye diski kubwa iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera. Idadi ya siku za kuhifadhi video iwekwe mapema ili za zamani zijifute zenyewe.

Stima ikipotea

Nyumba ikiwa gizani ndipo kamera inapohitajika zaidi. Kompyuta ndogo ya wati 20, kamera nne za wati 5 kila moja, ruta na kifaa cha kuunganisha nyaya vinaweza kutumia wati 55 kwa jumla. Hiyo ni takriban yuniti 40 za stima kwa mwezi, na mkazi anayenunua tokeni anafaa kuziweka kwenye bajeti yake.

Kamera zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao hurahisisha kazi, kwa kuwa betri moja ya akiba huhudumia mfumo wote. Fundi pia aiweke kompyuta ijiwashe yenyewe stima inaporudi. Swichi za ukutani na ya pampu ziendelee kufanya kazi kwa mkono, ili nyumba isikose taa wala maji kompyuta inapoharibika.

Kulinda mtandao

Neno la siri linalokuja na kamera kutoka dukani libadilishwe siku ya kwanza. Kamera zisifunguliwe moja kwa moja kwenye intaneti. Mwenye nyumba anayetaka kuzitazama akiwa mbali atumie njia iliyofungwa kwa usimbaji, kama vile WireGuard.

Kamera na faragha ya jirani

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haigusi shughuli ambazo ni za kibinafsi au za nyumbani pekee. Lakini mwenye ploti anayewarekodi wapangaji, au mwenye duka anayewarekodi wateja, hawezi kujificha nyuma ya msamaha huo. Anatakiwa kuwajulisha watu kwamba wanarekodiwa na sababu yake, na asihifadhi video kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Hata kwa nyumba ya familia, kamera ielekezwe kwenye lango na ua wa mwenyewe, si dirisha la jirani. Baadhi ya kamera huruhusu kuficha sehemu ya picha, lakini kuigeuza kamera ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Mkazi anayeamini kwamba data yake imetumiwa kinyume cha sheria anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.