Jumla ya Alama Haitoshi Kumjua Mgonjwa

PHQ-9 ni hojaji ya maswali tisa iliyochapishwa Marekani mwaka 2001, na leo hutumika kote duniani kupima dalili za sonona. Unaulizwa ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa na huzuni, uchovu, kukosa usingizi na mengineyo. Sifuri ni hapana kabisa. Tatu ni karibu kila siku. Alama zote ni 27, na anayefikisha 10 kwa kawaida huchunguzwa zaidi.

Kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya zinahitaji vipimo vyepesi vya aina hii, maana daktari wa akili yuko mbali na wengi. Huko Makueni, taasisi ya utafiti ya Profesa David Ndetei imewafunza wauguzi, wahudumu wa afya wa jamii, hata waganga wa kienyeji, kuwatambua wenye matatizo ya akili. Hatari huanza pale jumla inaposomwa na majibu yakaachwa.

Tuseme mama wa Mutomo, wakati wa kiangazi, anaamka alfajiri kufukua maji kwenye mchanga wa mto. Usingizi: 3. Uchovu: 3. Hamu ya kula: 3. Tayari ana 9, kabla ya kuhesabu majibu kuhusu moyo wake. Huenda ana sonona, huenda ni njaa na kazi nzito, huenda ni vyote pamoja. Ndiyo maana mhudumu hutazama kwanza maswali mawili ya mwanzo, la kukosa raha na la huzuni: bila hata moja kati ya hayo, haitoshi kusema ni sonona.

Tuseme pia kijana wa Wote ana alama 5 tu, zinazohesabiwa kuwa dalili hafifu. Lakini 2 kati ya hizo ni za swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Huyo asirudishwe nyumbani kabla ya kuzungumza naye kwa kina siku hiyohiyo.

Swali hilo ni zito kulijibu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Ukisomewa swali hilo kwa sauti mbele ya jamaa, utajibu sifuri ili yaishe.

Basi ukipewa hojaji zahanatini, omba faragha na ujibu ukweli. Kisha usiondoke na namba pekee. Uliza ni jibu lipi lililomshughulisha mhudumu, na hatua inayofuata ni ipi.